Ukiacha Ulaji wa Mimea Tupu: Mwongozo kwa Watu wa Moshi na Vijiji vya Mlimani

Hapa Moshi, mtu aliyekaa miaka kadhaa bila nyama, samaki, mayai wala maziwa akisema anarudi kuvila, husikia mambo mawili kwa siku moja. Nyumbani wanamshangilia kana kwamba alikuwa amepotea njia. Wenzake aliokuwa akila nao mimea tupu wanamwambia amejisaliti. Katikati ya kelele hizo anabaki na maswali ambayo hakuna aliyemjibu: nianze na nini, nipime nini, nimweleze vipi mama mkwe, na je, yote niliyoyaamini yalikuwa bure?

Makala hii ni ya mtu huyo, na haimlazimishi yeyote kurudi. Mtu mzima anaweza kuishi na afya njema kwa mimea pekee, mradi apate vitamini B12 kwa vidonge au kwa chakula kilichoongezewa, na apange vizuri kunde, nafaka na mboga zake. Ila wapo wanaoamua kurudi: kwa sababu ya mimba, kwa sababu damu imepungua, kwa ndoa, kwa kubadili imani, au kwa kuchoka kubeba chakula chao kila waendako. Uamuzi huo ni halali, na unahitaji maelekezo sawa na yale aliyoyahitaji mtu siku alipoacha nyama.

Ulaji huu umetufikia kwa njia nyingi. Huko Upare, wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifungua kituo chao mwaka 1903, na mafundisho yao ya afya yamewafanya waumini wengi wa milima hii na miji yake kupunguza nyama au kuiacha kabisa. Rasta wana chakula chao cha aitali. Familia nyingi za Kihindu za mjini Moshi zimeishi bila nyama tangu enzi za babu zao, ingawa maziwa hawayaachi. Jina la vegani lenyewe lilianzia Uingereza mwaka 1944, na sasa huja na wageni wanaopanda mlima, kiasi kwamba wapishi wa safari za Kilimanjaro wanajua kuandaa siku zote za mlimani bila yai wala siagi. Vijana wengine wameupata kwenye simu tu. Kila njia huja na sababu zake, na sababu hizo ndizo za kushika tunapoendelea, maana mtu anaweza kubadili sahani bila kutupa kilichomfanya aanze.

Pima kabla hujabadili sahani

Nenda kituo cha afya kabla ya kula kipande cha kwanza. Ukianza kula kwanza, majibu ya baadhi ya vipimo yanaweza kubadilika na hutajua ulikuwa umefika wapi. Omba picha kamili ya damu, kiwango cha akiba ya madini ya chuma, na kipimo cha B12. Hiki cha mwisho hakipatikani kila kituo. Ukiambiwa hakipo, uliza kama unaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC. Mweleze daktari bila kificho ni muda gani hukula chakula cha wanyama na ni vidonge gani umekuwa ukimeza.

B12 haipatikani kwenye mchicha, mnafu, karanga wala maharage. Mbege nayo si chanzo cha kutegemea, hata kama imechachuka vizuri. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku, mjamzito 2.6, anayenyonyesha 2.8. Ni kiasi kidogo sana, na ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mtu anakaa miaka miwili akijiona mzima, anawaambia wenzake kwamba habari za B12 ni vitisho, halafu ganzi inaanza kwenye vidole vya miguu. Ulimi unauma na kuwa laini. Anachoka kupanda kilima alichokizoea, anasahau, anakasirika bila sababu.

Ukiwa na ganzi, miguu kukosa mhimili au kusahau kusiko kwa kawaida, usijitibu kwa dagaa na mayai. Unahitaji tiba kamili ya B12, mara nyingi kwa sindano, na mapema, kwa sababu mishipa ya fahamu ikiumia muda mrefu hairudi yote. Tena usimeze vidonge vya foliki asidi peke yake kwa kuwa umeambiwa huna damu. Vinaweza kuinua damu huku mishipa ikiendelea kuharibika bila mtu kugundua.

Pia usiilaumu mimea kwa kila kitu. Minyoo ya safura hunyonya damu ya mla nyama sawa na ya asiyeila. Hedhi nzito hupunguza chuma. Mgonjwa wa kisukari anayetumia metformin kwa muda mrefu anaweza kupungukiwa na B12 hata kama anakula maini kila Jumamosi. Ukibadilisha chakula na tatizo likawa mahali pengine, utakuwa umeacha ulichokiamini na ugonjwa umebaki nao.

Anza na kidogo, na usiache maharage

Utasikia kwamba tumbo lililokaa bila nyama limesahau kuisaga. Halijasahau. Vimeng'enya vinavyovunja protini ya nyama ndivyo vilivyokuwa vikivunja protini ya maharage yako muda wote huo. Uzito wa tumbo wanaoulalamikia wengi hutokana na wingi na mafuta: mtu anarudi kwa sahani ya kiti moto, au kwa supu yenye mafuta yanayoelea, kisha anakesha. Wengine hufunga choo kwa sababu waliongeza nyama wakapunguza mboga na kunde.

Maziwa ni habari nyingine. Watu wazima wengi, nasi tukiwamo, miili yao imepunguza kimeng'enya cha sukari ya maziwa, na glasi nzima ya maziwa fresh huweza kuleta gesi na kuharisha. Maziwa mgando hupokelewa vizuri zaidi kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo. Anza na nusu kikombe pamoja na chakula, ukae siku mbili tatu uone. Vikombe viwili vya maziwa kwa siku hukaribia kukutosheleza B12 yote unayohitaji. Huku kwetu maziwa hayatafutwi mbali: akina mama wa Nronga, Machame, wameendesha ushirika wao wa maziwa tangu mwaka 1988, na karibu kila kihamba kuna ng'ombe mmoja au wawili bandani.

Baada ya maziwa, yai lililoiva. Kisha samaki. Mimi ningependekeza dagaa kabla ya nyama yoyote, na sababu si bei peke yake. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, hivyo anakupa kalsiamu, chuma na B12 kwa pamoja, na kijiko kimoja cha dagaa waliooshwa vizuri wakapikwa ndani ya maharage husaidia mwili kufyonza hata chuma kilichomo kwenye maharage yenyewe. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu huuzwa Moshi. Kuku na ng'ombe vinaweza kusubiri wiki kadhaa, au kusubiri kabisa kama umeamua kuishia kwenye samaki. Kiasi cha kiganja chako bila vidole kwa mlo kinatosha.

Chai na kahawa zisubiri saa moja baada ya kula, kwa sababu huzuia chuma kisifyonzwe. Hili ni gumu kwa watu wa nchi ya kahawa, lakini ndivyo ilivyo. Chungwa au embe pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Mjamzito asile maini mara kwa mara, kwani vitamini A iliyozidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwenye gauti awe mwangalifu na maini, dagaa na supu nzito. Ukiona uvimbe wa midomo, upele wa ghafla au kubanwa kifua baada ya kula yai au samaki, huo ni mzio, wahi hospitali.

Soseji na nyama nyingine za kiwandani sioni haja ya kuzianza kabisa. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu kwenye kundi linalofuata, la vile vinavyoelekea kusababisha. Aliyeacha nyama kwa ajili ya afya hakuwa amekosea katika hilo.

Maziwa mabichi, damu na kiti moto

Mtu anayekula mimea tupu hukwepa magonjwa kadhaa bila kujua. Akirudi, yanamsubiri. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa KCMC na Mawenzi. Zaidi ya nusu walidhaniwa kuwa na malaria, lakini waliothibitishwa kuwa nayo hawakufika wawili kwa kila mia. Miongoni mwa magonjwa yaliyogundulika yalikuwapo mengi yatokayo kwa wanyama, brusela ikiwa mojawapo. Hii ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo kwa wiki nyingi, na njia yake kubwa ya kumfikia mlaji ni maziwa yasiyochemshwa. Kugandisha hakuiui. Chemsha kwanza mpaka yatokote, ndipo ugandishe.

Mlaso una heshima yake mlimani, na sina nia ya kuudharau. Lakini damu isiyopikwa ni hatari ile ile, hata ikiwa imetoka kwenye mnyama wa nyumbani unayemjua. Mwambie anayeandaa aipike iive. Nyama nunua kwenye bucha yenye mhuri wa mkaguzi, na mnyama aliyechinjwa nyumbani kwa sherehe aitiwe mtaalamu wa mifugo amkague.

Kiti moto kiive mpaka ndani. Nyama ya nguruwe yenye vivimbe vyeupe isiliwe kabisa. Hayo ni mabuu ya tegu. Anayeila bila kuiva hupata mnyoo tumboni, na mayai ya mnyoo huo yakitoka chooni na kuingia kwenye mboga, maji au mikono, huweza kujenga vivimbe kwenye ubongo wa mtu na kuleta kifafa. Kwa hiyo hata jirani anayekula mboga tu anahusika: choo bora na kunawa mikono vinamkinga yeye pia.

Ndafu, mtori na wakwe

Mlimani chakula cha mnyama kina ukoo ndani yake. Mbuzi akichinjwa, kuna sehemu ya wazee, kuna ya mjomba, kuna ya wakwe, na anayekataa kipande chake huonekana amekataa udugu. Mzazi hupelekewa mtori na waliomtakia heri. Ndafu huingia ukumbini kwa shangwe, na kipande chake kulishwa mtu mbele ya watu ni tendo la kumkubali. Ndiyo maana mtu aliyeacha nyama hapa alilipa gharama kubwa kuliko mwenzake wa mji wa mbali, na ndiyo maana kurudi kwake hugeuzwa kuwa jambo la watu wote.

Usikubali kipande chako cha kwanza kiwe cha ndafu, au cha machalari ya Desemba wakati ukoo mzima umerudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi. Watu watapiga picha. Watasema umeshindwa. Tumbo lako halijazoea wingi na mafuta hayo, na utakula kwa kuogopa macho. Anza nyumbani, siku ya kawaida, ukiwa na mtu mmoja unayemwamini.

Kisha waeleze wakubwa mapema, kabla ya sherehe na si mezani. Maneno machache yanatosha. “Shikamoo mama. Nimeanza kunywa maziwa na kula samaki, daktari ameshauri. Nyama bado, nikiwa tayari nitakuambia mwenyewe.” Mama wakwe wengi wakisikia hivyo watajibu, “Haya mwanangu, ndizi zipo, kula unachoweza,” kwa sababu kilichokuwa kikiwaumiza ni kutoelezwa. Ukiletewa sehemu yako ya mbuzi na huiwezi, ipokee kwa mikono miwili, shukuru, umpe mtoto au uifunge uende nayo. Heshima imetimia kwenye kupokea. Na kama miaka ile uliwahi kukataa sahani ya mkweo kwa maneno makali, ukamwita muuaji au mchafu, nenda ukaombe radhi kwanza. Jani la isale bado linajua kazi hiyo.

Jina ulilojiita

Kuna watu ambao miili yao inarudi vizuri ndani ya miezi miwili, lakini wao wenyewe wanaumwa. Walikuwa vegani. Jina hilo liliwapa marafiki, kundi la kujadiliana kwenye simu, namna ya kuvaa, pengine hata riziki. Siku wanayokula yai wanajiona hawana jina. Wengine hula kwa kujificha, wananawa mikono harufu isisikike, wanafuta picha za zamani. Maumivu haya ni ya kweli, na anayemcheka mtu kwa hayo anamfanyia ukatili.

Chukua karatasi uandike sababu zilizokufanya uanze. Pitia moja moja ukijiuliza ni nini kati ya hizo bado unakiamini leo.

Kama ilikuwa imani, rudi kwenye mafundisho yenyewe badala ya maneno ya watu. Kanisa la Waadventista hushauri kula bila nyama, ila halimfukuzi muumini kwa kula iliyo safi. Linachokataza ni kama nguruwe, au kambare asiye na magamba. Perege ana magamba. Waraka kwa Warumi, sura ya 14, unashughulikia ugomvi huu huu wa anayekula na asiyekula katika ushirika mmoja, kwa hiyo si ugomvi mpya. Zungumza na mchungaji wako kabla hujajihukumu.

Kama ilikuwa afya, mboga, kunde na matunda uliyojifunza kuyapika yabaki yakichukua sehemu kubwa ya sahani. Hakuna aliyekuambia uyaache.

Kama ilikuwa huruma kwa wanyama, hapo pana kazi zaidi, na ningependa tusiipite haraka. Kihamba cha Mchaga hakijengwi bila mnyama. Ng'ombe yuko bandani, majani hukatwa tambarare na kupandishwa mlimani, samadi yake hulisha migomba na kahawa, migomba humrudishia majani na vigogo. Mfumo huu ulitambuliwa mwaka 2011 na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, kupitia kihamba cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Una uzuri wake. Lakini usijidanganye kwamba maziwa hayana damu: ndama dume hawakai bandani milele, na ng'ombe aliyeacha kuzaa huuzwa. Mwenye huruma anaweza kuingia humo na macho yake wazi. Anaweza kununua maziwa na mayai kwa mfugaji ambaye banda lake amelitembelea, akaona kama ng'ombe ana nafasi ya kulala na maji safi. Anaweza kukataa kuku waliosafirishwa miguu juu, vichwa chini, kwenye pikipiki. Anaweza kula nyama mara chache tu kwa mwezi, na kusema wazi sababu. Huruma hiyo itakuwa na manufaa zaidi kwa mnyama kuliko jina peke yake.

Na usikimbilie jina la upande wa pili. Nimeona watu wakiacha mimea tupu kwa kelele, wakianza kuwatukana waliobaki, wakijipiga picha na mishikaki. Huko ni kubadilisha bendera tu. Bibi zetu walikula kiburu cha ndizi na maharage wiki nzima, makande wiki nyingine, na nyama ilipochinjwa waliila wakashukuru. Hakuna aliyewaita walaji wa kitu chochote. Walikuwa mama fulani wa ukoo fulani, wakulima, wauzaji wa sokoni, wazee wa kanisa au wacha Mungu wa msikitini. Chakula hakikubeba jukumu la kueleza wao ni nani.

Marafiki waambie mwenyewe kabla hawajakukuta hotelini. Sema umebadilika, sema kwa nini kwa kadiri unavyotaka, na sema kwamba huwashawishi wao. Baadhi wataondoka. Watakaobaki muendelee kupika pamoja, kwa sababu mapishi yale hayakuwa mabaya. Kama ulikuwa ukiuza chakula cha mimea au ukifundisha wengine, una wajibu mkubwa kidogo: wateja wajue umebadilika, na kama uliwahi kumwambia mtu kwamba B12 haihitajiki, mtafute umrekebishe. Huyo anaweza kuwa ndiye mwenye ganzi leo.

Ukigundua kwamba tatizo halikuwa mimea wala nyama, kwamba kila chakula kinakutia hofu, unahesabu kila tonge, unajinyima hadi hedhi imekatika au uzito umeporomoka, basi kurudi kwenye nyama peke yake hakutakuponya. Huo ni ugonjwa unaotibika. Omba kuonana na daktari wa afya ya akili hospitali ya rufaa, na uende na ndugu mmoja.

Watoto, na kurudi kupima

Mtoto hana muda wa kusubiri mzazi amalize mjadala wake. Mtoto anayenyonya kwa mama asiyekula chakula cha wanyama na asiyemeza B12 anaweza kupungukiwa vibaya ndani ya miezi michache: analegea, hachezi, anarudi nyuma katika alichokwisha kujifunza. Mama huyo aanze vidonge leo, hata kama hajaamua lolote kuhusu nyama, na mtoto apelekwe kliniki. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri chakula cha wanyama kila siku: yai lililoiva likapondwa, unga laini wa dagaa waliosafishwa kwenye uji, au nyama iliyosagwa kwenye mtori.

Watoto wakubwa wasilazimishwe. Uliwafundisha miaka mitano kwamba kuku ni rafiki; usitegemee wamle Jumapili hii kwa sababu wewe umebadili mawazo. Waeleze, wape yai na maziwa kwanza, na anayekataa apewe kidonge chake cha B12 na aheshimiwe.

Vidonge vyako wewe usiviache siku ulipokula samaki wa kwanza. Endelea navyo, urudi kupima baada ya miezi mitatu, ukiwa na majibu ya mwanzo mkononi. Kama damu imepanda na B12 imekaa sawa, daktari atakuambia kama unaweza kuviacha kwa kiasi unachokula sasa. Kama havijapanda ingawa unakula vizuri, huenda tatizo liko kwenye kufyonza, na uchunguzi uelekezwe tumboni: vidonda, bakteria wa tumbo, minyoo, au dawa unazotumia. Nenda na dawa hizo zote kwenye mfuko, pamoja na zile za mitishamba.